Gasketi, Kitenge na Baba Mkwe

Tangu nirudi Morogoro, kila anayekuja kibandani kwangu kupima nguo anaanza na swali lile lile: "Hivi kweli uliliendesha lile gari mpaka Tukuyu?" Nikijibu ndiyo, anacheka. Nikianza kueleza, anakumbuka kwamba ana haraka. Nimeamua kuandika mara moja, kila mtu asome kwa nafasi yake, na mimi nipate kumaliza sare za kwaya.

Kwa wasionifahamu: mimi ni Mluguru, fundi cherehani, nimeolewa na Mnyakyusa ambaye hapa nitamwita Baba Neema, kama ninavyomwita nyumbani. Baba yake anaishi Masoko, wilaya ya Rungwe, pamoja na binti yake Tumpe, yaani wifi yangu. Jina la mzee sitaliandika. Kwao, mke wa mtoto hataji jina la baba mkwe, hakai naye chumba kimoja, hamtazami usoni, na wakikutana njiani lazima mmoja aingie migombani. Si ugomvi, ni heshima. Wengi huko wameshaiacha, hasa vijana na watu wa mjini, lakini mzee hajaiacha. Kwa miaka kumi na sita ya ndoa nilikuwa nimeisikia sauti yake kupitia ukuta tu.

Mzee alikuwa fundi wa malori kwenye kiwanda cha chai mpaka alipostaafu. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani. La kulia lilifunikwa na mtoto wa jicho mpaka akawa anatofautisha mchana na usiku, basi. Ndipo Tumpe akapiga simu: madaktari wa macho wamefika hospitali ya misheni kule Igogwe, wanapasua kwa juma moja, mwisho Ijumaa saa sita, na haijulikani watarudi lini. Mzee alikataa. Walipombana sana akatoa sharti kwamba atakwenda kwa gari lake mwenyewe, la mtu mwingine hapandi. Gari hilo alimpa Baba Neema siku ya harusi yetu, na umri wa gari hilo anaujua vizuri. Lilikuwa sharti la mtu anayetaka kukataa bila kuonekana amekataa.

Asichojua ni kwamba gari lilikuwa bado linatembea, ingawa kwa kubembelezwa. Baba Neema angekwenda mwenyewe, lakini juma hilo hilo alianguka ngazini akiwa amebeba feni, akavunjika mguu. Feni haikupata hata mkwaruzo. Basi nikaenda mimi.

Morogoro hadi Kitonga

Niliondoka Jumapili alfajiri nikiwa na madumu mawili ya maji, chapati, mkoba wangu wa kazi na baraka za mume aliyelala kitandani akinielekeza jinsi ya kubadili gia.

Mambo yalikuwa mazuri hadi mbugani Mikumi. Pale mshale wa joto, ambao kwa kawaida hulala, ukaamka na kuanza kupanda. Sasa mbugani kuna vibao vinavyokataza kushuka garini, na pembeni ya barabara kulikuwa na nyati watatu waliokuwa wananitazama kama wateja wanaosubiri duka lifunguliwe. Nikafungua hita. Mtu wa Kitonga, nitakayemtaja sasa hivi, aliniambia baadaye kwamba nilifanya vyema, kwa sababu hita hupunguza joto la injini. Sikufanya kwa ujuzi. Nilibonyeza kila kitu kilichokuwa mbele yangu, na hita ikawa mojawapo. Nilipita Mikumi madirisha yamefungwa, hita inapuliza, nikitoka jasho kuliko gari lenyewe.

Katikati ya mlima Kitonga gari likachemka wazi wazi, mvuke ukatoka mpaka malori yakapunguza mwendo kuniangalia. Dereva mmoja wa lori, mtu mzima mwenye kofia ya sufu katika joto lile, akasimama, akaweka mawe nyuma ya matairi yangu bila kuombwa, akasubiri rejeta ipoe, kisha akaniuliza kama nina yai.

"La kuchemsha, la njiani," nikasema.

"Hapana mama, bichi."

Akaenda kwenye lori lake akarudi na yai. Akalipasua kwenye ukingo wa rejeta, akamimina lote ndani. "Hili linaiva humo humo, linaziba kila tundu. Mimi nimefika Kongo kwa yai."

Sikuwa na hoja ya kumpinga mtu aliyefika Kongo. Nikaongeza maji, nikamshukuru, nikaupanda mlima uliobaki polepole, na jioni nikaingia Iringa nikinukia kifungua kinywa.

Iringa hadi Uyole

Fundi wa Iringa alikuwa mcheshi na mwenye uhakika. Niligundua njiani kwamba mafundi wote wana uhakika, ila kila mmoja ana wa kwake. Huyu alisema tatizo ni mfuniko wa rejeta, akaubadili. Halafu akasema tatizo ni kidude kinachozuia maji yasizunguke mapema, akakitoa kabisa na kunipa mkononi. "Ukifika, mwonyeshe shemeji. Hiki ndicho kilikuwa kinakutesa."

Na kweli, Jumatatu nzima mshale haukunyanyuka. Mafinga nikaimba. Makambako nikala kuku wa kuchoma kwa raha, nikampigia Baba Neema na kumwambia kwamba gari lake halikuwa na tatizo, lilikosa tu mtu wa kulielewa. Akasema, "Ukanda huo ni baridi na barabara si ya mlima. Ngoja upande mlima wa Isongole." Nikaona ana wivu wa mgonjwa.

Uyole nilisimama kununua viazi nikampigia Tumpe kumwambia nakaribia.

"Ndaga, wifi, ndaga," akanishukuru kwa Kinyakyusa, kwa furaha. "Mzee nimemwambia gari lake linakuja. Hajanena neno tangu asubuhi. Na dereva ni nani?"

"Dereva ni mimi."

"Najua unaendesha kuja huku. Nauliza wa kumpeleka mzee Igogwe."

Nilisikia kuku wake wakilia kwenye simu. Tulikuwa tumepanga kila kitu, mimi, Baba Neema na yeye: gari, mafuta, shuka za hospitali, hata nani atabaki na ng'ombe. Katika watu watatu, wawili kati yao Wanyakyusa wa kuzaliwa, hakuna aliyekumbuka kwamba dereva na abiria hawaruhusiwi kukaa mahali pamoja.

"Lakini haoni, wifi," nikasema. "Nikikaa kimya atajuaje?"

"Yeye haoni," akasema Tumpe. "Wewe unamwona."

Uyole hadi Ibighi

Wanaoijua njia hiyo wanajua kwamba kutoka Uyole barabara inapanda tu, baridi inaongezeka, ukungu unashuka, na akina mama wa viazi wamejifunga mashuka mpaka puani. Kwenye mlima huo alama zote zilijitokeza kwa mpigo. Mshale ukapanda. Moshi mweupe ukatoka nyuma, mwingi mpaka nikadhani ni ukungu wa kawaida, ila huu ulikuwa unanifuata. Injini ikaanza kukohoa. Nilifika Isongole kwa kusimama kila baada ya kona chache na kuongeza maji, na cha ajabu ni kwamba maji yalikuwa yanaisha, lakini chini ya gari palikuwa pakavu kabisa. Yalikuwa yanakwenda wapi? Nilimuuliza mama mmoja wa viazi. Akasema, "Linakunywa," akaniuzia debe la maji.

Kutoka hapo ni mteremko, nikaliacha liserereke kupitia Kiwira, na mwisho kwa huruma ya watu waliosukuma nikaingia gereji moja Ibighi, mjini Tukuyu, mvua ikinyesha. Niseme mapema kwamba mvua ilinyesha siku zote zilizofuata, sitairudia tena.

Fundi wa pale anaitwa Lusajo, mwanaume wa miaka hamsini hivi, mnene, mpole, anayeongea zaidi na injini kuliko na mwenye gari. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akanionyesha. Oili ilikuwa imegeuka chai ya maziwa.

"Maji yameingia kwenye oili, dada. Gasketi ya hedi imeungua."

Akanieleza, na kwa mara ya kwanza nikaelewa jambo la gari, kwa sababu ni jambo la cherehani. Injini ina vipande viwili vikubwa: bloku chini, hedi juu. Kati yao kuna gasketi, na ndiyo inayotenga moto, maji na oili, kila kimoja kipite njia yake. Kumbe ni bitana. Bitana ikitoboka, jasho linafika kwenye kitambaa cha nje na suti imekwisha. Yai la Kongo, mfuniko na kile kidude cha Iringa, vyote vilikuwa sawa na kubadili vifungo vya koti ambalo bitana yake imechanika.

Jumanne alifungua, akatoa gasketi iliyoungua katikati, akaweka mpya, akamwaga oili chafu na kutia safi, akafunga. Mimi nilikaa nikila maparachichi na mkate nikimtazama. Nilimuuliza kama hedi yenyewe ni nzima. Akainyanyua usawa wa uso wake, akafumba jicho moja, akaitazama kama mtu anayechagua ubao.

"Iko sawa hii."

Mimi ni nani nibishe?

Tukuyu hadi Masoko

Jumatano asubuhi gari liliwaka vizuri. Nilifika Masoko, nikakunja njia ya migombani kuelekea kwa mzee, na pale kwenye kilima cha mwisho, nyumba inaonekana, injini ikaanza kukohoa tena. Nikaingia uani na moshi mweupe nyuma yangu. Tumpe alitoka mbio kunipokea, na nyuma ya nyumba nikasikia sauti ya kiume ikiita.

Tumpe akaenda, akarudi. "Mzee anasema silinda ya tatu hailii."

Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda upande wa pili wa kibanda cha jiko. Hakuwa ameona gari, na asingeliona hata angesogea. Alikuwa amelisikia likipanda kilima.

Hapo ndipo uchunguzi ulipoanza, na sijui kama kuna gereji nyingine duniani inayofanya kazi hivyo. Mzee upande ule wa jiko, mimi na gari upande huu, na Tumpe katikati akienda na kurudi na kanga yake kiunoni. Maneno ya mzee nayaandika kwa Kiswahili cha shule, ila mjue kwamba kwake gari ni gali na rejeta ni lejeta.

"Anasema zima, lipoe, kisha ufungue mfuniko, uwashe, utazame kama maji yanacheua."

Nikafanya. Maji yalikuwa yanatoa mapovu kama sufuria ya maharage.

Tumpe akaenda. Akarudi. "Anauliza ule mpira wa juu ni mgumu?"

"Mgumu kama fimbo."

Akaenda. Alikaa zaidi safari hii. Aliporudi uso wake ulikuwa na mashaka. "Anasema kuna harufu imemfikia. Anauliza rejeta imekula nini."

Nilitamani ardhi ipasuke. "Mwambie yai."

Akaenda. Akarudi. "Anauliza nani alilitia."

"Mtu aliyefika Kongo."

Sikuambiwa jibu la hilo. Nilisikia tu kitu kama kikohozi, na Tumpe akaniapia baadaye kwamba mzee alikuwa anacheka, jambo ambalo hakuwa amelisikia tangu jicho lianze kufunikwa.

Basi akaitwa Lusajo kutoka Ibighi. Alikuja kwa bodaboda, na alipoona nyumba aliyoletwa akavua kofia. Kumbe alijifunzia ufundi kiwandani, chini ya mzee. Alikuwa na gari la mwalimu wake mikononi siku nzima ya Jumanne bila kujua, kwa sababu Baba Neema alishalipaka rangi nyingine. Akafungua hedi kwa mara ya pili bila kunitazama usoni. Tumpe akaibeba mpaka nyuma ya jiko, Lusajo akamfuata. Mimi nilibaki, nikisikiliza.

Mzee alidai rula ya chuma iliyonyooka na kitu chembamba cha kupenyeza. Lusajo hakuwa nacho. Mimi nikafungua mkoba wangu: rula yangu ya kukatia ni ya chuma, na kitu chembamba nilichonacho daima ni wembe wa kufumulia mishono. Nikampa Tumpe. Baadaye alinieleza jinsi mzee alivyopapasa uso wa hedi kwa kiganja, taratibu, akasimamisha rula juu yake, akapitisha wembe chini ya rula. Pembeni wembe ulikataa. Katikati, kati ya silinda ya pili na ya tatu, ukapita mzima mzima.

"Imepinda," nikamsikia. "Lusajo, hukuipima?"

"Niliipima, tata," akasema Lusajo, akimwita baba kwa Kinyakyusa. "Kwa jicho."

"Kwa jicho," mzee akarudia polepole. "Wewe mwenye mawili."

Nilimhurumia Lusajo, maana hata mimi nimewahi kumshonea mtu bitana mpya kwenye koti lililopinda bega, nikamwambia liko sawa, na alipoondoka nikajua haliko sawa.

Jumatano ilikuwa inakwisha, na mwisho wa madaktari ni Ijumaa saa sita. Tumpe alipika mbalaga, ndizi laini zilizochanganywa na maharage na maziwa, tukala jikoni. Nilimuuliza kwa nini tusimpeleke mzee kwa gari la kukodi, mambo yaishe.

"Nimemwomba tena leo," akasema. "Amesema aliahidi kwa gari lake. Mwanzo alisema hivyo ili asiende. Sasa sijui, wifi. Sasa naona analisubiri."

Alhamisi Lusajo alikwenda mjini kwa bodaboda kuisawazisha hedi kwenye mashine, ameipakata mapajani, imefungwa kitenge changu kama mtoto wa kliniki. Mchana akarudi na hedi iliyonyooka na gasketi mpya. Mzee alisogeza kigoda chake uani, akakaa akiwa ameligeuzia gari mgongo, na mimi nikajitanda kitenge kingine kichwani na kusimama upande wa mbali wa boneti. Ndio ukaribu mkubwa tuliowahi kufika.

Ikaja kazi ya kukaza bolti, na mzee akaanza kutoa maagizo: mzunguko wa kwanza kaza kidogo, wa pili zaidi, wa tatu malizia. Lusajo akashika spana akaanza pembeni.

"Anaanza wapi?" mzee akauliza, kwa sababu alisikia.

"Huku mwanzo, tata."

Hapo mdomo wangu ukaniponza. Nikamwambia Tumpe, kwa sauti ambayo nilidhani ni ndogo, kwamba hata mimi nikibana bitana naanza katikati natoka nje, la sivyo kitambaa kinajikunja katikati.

Mgongo wa mzee ukanyooka. "Nani kasema hivyo?"

Tumpe akanitazama, akamtazama baba yake. Angeweza kusema mke wa kaka. Akasema, "Dereva."

Mzee akafikiri. "Mpe spana dereva."

Nikakaza mizunguko miwili, katikati kwenda nje, kushoto na kulia kwa zamu, mzee akisikiliza kila mlio akiwa ameelekeza uso migombani. Wa tatu ulitaka nguvu, akaumalizia Lusajo kwa kufuata njia yangu. Nilipompa spana aliniambia kwa unyonge, "Dada, ukichoka na vyerehani, karibu Ibighi."

Gari liliwashwa kabla ya jua kuzama. Mzee alisimama, akalisikiliza muda mrefu. Halafu akaingia ndani bila kusema neno, na Tumpe akasema hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Masoko hadi Igogwe

Ijumaa asubuhi tatizo la dereva lilikuwa halijatatuliwa na mtu. Lusajo, aliyelala kwa jirani ili aone mwisho wa kazi yake, alijitolea kuendesha. Mzee akauliza kupitia dirishani kama huyo ndiye aliyepima kwa jicho. Basi. Tumpe akapendekeza jirani. Mzee akasema gari lina dereva wake, aliyelitoa Morogoro likila mayai na akalifikisha, naye hapandi na mwingine.

"Lakini tata, dereva ni..." Tumpe akaanza.

"Dereva ni dereva," akasema mzee. "Tafuteni kitambaa."

Kitambaa nilikuwa nacho. Nilikitundika kitenge kati ya viti vya mbele na vya nyuma, nikakibana kwa pini juu na pembeni, tena kwa upindo mzuri, maana sikutaka kazi yangu idharauliwe hata na asiyeiona. Nikaingia mbele kwanza. Kisha mzee akaingizwa nyuma pamoja na Tumpe. Kwenye kioo cha ndani nilikuwa naona ndege wa manjano wa kitenge tu, nikawa nategemea vioo vya pembeni.

Tukaondoka. Sikilizeni jinsi tulivyosafiri.

"Tumpe, mwambie dereva asikae kwenye gia kubwa hapa."

"Dereva, usikae kwenye gia kubwa."

"Tumpe, mwambie baba nimepunguza."

"Baba, amepunguza."

Kati yangu na mzee kulikuwa na kitambaa cha pamba. Kila neno nililisikia mara mbili, na yeye vile vile. Tulipita Tukuyu hivyo, tukaanza kilima cha kwenda Kiwira hivyo. Mshale ulisimama katikati na haukutikisika. Saa nne ilikuwa imepita.

Tumpe hakuwa amelala vizuri kwa siku tatu. Kwenye kilima nikasikia mzee: "Tumpe, muulize dereva mshale uko wapi."

Hakuna aliyerudia. Nikasikia pumzi za mtu aliyelala. Nikasubiri. Mzee naye akasubiri. Injini ilikuwa inaunguruma vizuri kabisa, silinda zote nne.

"Tumpe," nikasema mwisho, "mwambie baba mshale uko katikati."

Mzee akajibu vile vile: "Tumpe, mwambie dereva ni vizuri."

Tukaendelea hivyo, tukimtumia Tumpe aliyelala fofofo. Mzee akamwambia Tumpe kwamba gari hili alilinunua alipostaafu, kwamba siku ya kwanza mama mkwe wangu, ambaye sikumkuta, aligoma kupanda mpaka lioshwe. Nikamwambia Tumpe kwamba sikuijua habari hiyo na nimefurahi kuijua. Barabara ikapinda mara kadhaa.

"Tumpe," akasema, na sauti ilikuwa ya chini, "mwambie dereva naogopa. Mtu anafanya kazi na macho miaka yote, halafu aje mtu akushike jicho la mwisho na kisu. Likiharibika hilo, hakuna jingine."

Nilishika usukani. Nilitaka kumjibu mimi mwenyewe, mkwe kwa mkwe, lakini nilijua kwamba nikifanya hivyo atanyamaza.

"Tumpe," nikasema, "mwambie baba hata mimi pale Kitonga niliogopa. Na mwambie hawa wa leo wanapima kwa mashine."

Akacheka kile kikohozi chake. Tulifika Igogwe saa tano kasorobo. Tumpe akaamka akasema samahani, alisinzia kidogo, je, kuna alilopitwa nalo? Tukamwambia hapana, wote wawili kwa pamoja, kila mmoja upande wake wa kitenge.

Igogwe

Walimpasua kabla ya saa sita. Jumamosi asubuhi muuguzi alikwenda kumfungua bandeji, Tumpe akiwa pembeni ya kitanda. Mimi nilibaki ukumbini nje ya mlango na bakuli la ndizi, nimejitanda, nimeegemea ukuta. Ukuta naujua vizuri. Nikasikia mkasi, nikasikia bandeji ikikunjuliwa.

"Tata?" akaita Tumpe.

"Umekonda," akasema mzee. "Na hili shuka lina doa."

Tumpe akaanza kulia. Muuguzi akamwuliza mzee anaona vidole vingapi, akajibu, akaulizwa tena, akasema asipotezewe muda. Nikasikia akisogea dirishani. Akautaja mlima Rungwe. Akataja migomba. Kisha sauti ikabadilika kabisa. "Nani kalipaka gari langu rangi ya maharage?"

Nililia na kucheka na bakuli mkononi. Nilifikiri nimpe Tumpe bakuli niende zangu garini, kwa sababu sasa mambo yalikuwa yamerudi kama zamani, tena zaidi ya zamani. Sasa tulikuwa tunaonana wote wawili.

"Dereva yuko wapi?" nikasikia.

"Yuko nje ya mlango, tata."

Kitanda kikalia, alikuwa anakaa.

"Mwambie apite," akasema mzee. "Nimefumba."

Nikaingia nimeinama. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kiganja chake kikubwa kimefunika lile jicho moja ambalo kwa ajili yake tulivuka nusu ya nchi. Niliweka bakuli mezani, nikachuchumaa, nikamsalimia. Akaitika. Akauliza kama gari limelala salama. Nikasema limelala salama. Akauliza maji ya rejeta. Nikasema hayajapungua hata tone. "Ndaga fijo," akanishukuru, na kiganja hakikusogea mpaka nilipotoka na kufunga mlango.

Nje nikampigia Baba Neema, aliyekuwa ameshika simu tangu alfajiri.

"Baba ameona?"

"Ameona kila kitu," nikamwambia, "isipokuwa mimi."

Akashusha pumzi ndefu. "Basi amepona kweli," akasema.